Baba Mkwe, Ile Nyuma ya Gari Sijaigusa

Baba mkwe,

Nakuita hivyo kwa sasa, kwa kuwa ndivyo tulivyoanza. Nimeleta kigoda changu nikakiweka hapa, karibu kabisa na kaburi lako. Mpita njia akiniona atasema mke huyu hana adabu hata kwa marehemu, anamkaribia baba mkwe namna hiyo. Wacha aseme. Wewe na mimi tunajua ilivyokuwa, mama, mkeo, naye anajua, na leo nataka kuandika yote ili hata ambaye hakuwepo ajue.

Mapajani mwangu kuna lile gari. Ndio, lile lile la rimoti. Rangi yake nyekundu imebabuka, na bampa ya mbele ilipotea zamani, nadhani kuna kuku aliyekuwa na kisasi nayo. Lakini ukilibonyeza nyuma kwa kidole, linashuka polepole, linapanda polepole, halafu linatulia. Bado linafanya hivyo, baba. Kila nikilibonyeza nashangaa upya, kama siku ile ya kwanza.

Mimi ni mtoto wa Kitale. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa trekta kwenye mashamba ya mahindi, na kwetu spana zilikuwa nyingi kuliko vijiko. Nikaolewa hapa Myanga, Bungoma, na mwanao Simiyu, mwishoni mwa miaka ya themanini, na kabla sufuria za harusi hazijashika masizi, Simiyu akapata nafasi ya kwenda kusomea mitambo Ujapani. Akasema ni muda mfupi tu. Nikabaki na nyinyi wawili, wewe na mama, kwenye boma ambalo hata mbwa wake alikuwa hajanizoea.

Na mambo ya mkwe na baba mkwe unayajua. Hatupeani mkono. Hatuketi pamoja. Mkwe haingii chumba anacholala baba mkwe, hata nyumba ikiungua itabidi apige nduru nje kwanza. Nikikutana nawe njiani naacha njia, napita majanini, macho chini. Kuongea tuliongea, lakini kwa mbali, kila mmoja akitazama upande wake utafikiri tunaongea na ng'ombe. Jina langu hukuwahi kulitaja. Ulikuwa ukisema, "Mke wa Simiyu, kuna mtu amekuja." Nami sikuona ubaya wowote, kwetu pia ni hivyo. Ila upweke ulikuwa mwingi, baba. Hilo sikuwahi kukwambia.

Halafu likaja lile boksi. Mkenya mwenzake Simiyu alirudi likizo akatuletea, na humo ndani hapakuwa na gari, palikuwa na vipande vya gari ndani ya vijaluba vya plastiki, na karatasi yenye maandishi ambayo hakuna mtu Bungoma nzima angeweza kuyasoma. Michoro tu ndiyo iliyotuhurumia. Mama alitazama, akauliza, "Sasa mtoto wangu ametutumia takataka?" Wewe ulichukua shoki moja ya nyuma, ile ya mafuta na springi inayopokea mitikisiko, kitu cha urefu wa kidole, ukaibonyeza, ukaiweka sikioni.

Macho yako yaliweza kuona ng'ombe wa jirani ng'ambo ya bonde, lakini tundu la skurubu lililo mbele ya pua hukuliona. Bisibisi ilikushinda. Nikakuangalia kutoka mlango wa jikoni ukihangaika mpaka jua likapinda, na mkono wangu ukawasha. Nikamwambia mama, kwa sauti ya wewe kusikia, "Mama, mwambie baba hiyo bisibisi anaigeuza upande usiofaa." Ukamwambia mama, kwa sauti ya mimi kusikia, "Mwambie mke wa Simiyu kama anajua, aje afanye."

Aje wapi sasa? Ndipo mama akaviringisha kile kinu chake kilichopasuka, akakipindua kichwa chini katikati ya ua. "Hapa ndio mpaka," akasema. "Mtu anaweka kitu, anaenda zake, mwingine anakuja kuchukua. Na mimi sitaki kuitwa kila dakika, nina kazi." Hivyo ndivyo tulivyoliunganisha gari lile. Wewe kwenye veranda, mimi mlangoni pa jikoni, kinu katikati. Unaweka, unarudi. Naenda, nachukua, narudi. Kama mtu angetuona kwa mbali angedhani tunacheza mchezo wa watoto, na labda angekuwa sahihi.

Siku lilipotembea mara ya kwanza sitaisahau. Mawe ya rimoti, zile betri zake ndogo, ulikuwa umeyaanika juu ya mabati yapate nguvu, na betri ya gari lenyewe ulikuwa umeichajisha sokoni kwa yule mwenye jenereta. Ukavuta antena. Ukagusa. Gari likaruka kutoka pale kinuni, likapita katikati ya kuku, likazunguka ghala, likarudi likasimama mbele ya miguu yangu. Kitu nilichokifunga kwa mikono yangu, skurubu kwa skurubu, kimekimbia chenyewe na kurudi. Niliinua macho nikakutazama usoni, nikisahau kabisa kwamba sifai, na nikakuta nawe umenitazama, mdomo wazi. Mama ndiye aliyekohoa.

Lakini lilikuwa linatupa mkia. Kila kona, nyuma ilitaka kuongoza mbele, likazunguka likatazama lilikotoka. Hapo ndipo nilipoanza kujua wewe ni mtu wa namna gani.

Maisha yako ya kazi yote yalikuwa kwenye reli. Ulikuwa ukitembea kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, unagonga gurudumu, unasikiliza, unagonga jingine. Gurudumu zima linaimba, lenye ufa linakohoa. Ndivyo ulivyotueleza. Basi ulilipitisha lile gari polepole juu ya ufito niliokuwa nimeulaza uani, ukafumba macho, ukasema, "Shoki ya kushoto imekunywa hewa." Nikacheka kimoyomoyo. Nikaenda nikaifungua. Ndani ya mafuta kulikuwa na kiputo cha hewa, kidogo kama punje ya wimbi. Nilikaa pale na ile shoki mkononi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeona mafundi wengi kwetu Kitale, baba yangu akiwa mmoja wao, lakini sikuwa nimeona mtu anayesikia kiputo.

Kuanzia hapo tulikuwa na kazi. Nyuma ya gari ndiyo ilikuwa shule yetu. Kila shoki ilikuwa na springi yake na vipete vya kuikaza, na juu palikuwa na matundu ya kuchagua uilaze au uisimamishe. Ukiifanya ngumu mno, gari linarukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Ukiifanya laini mno, linakalia matako kama kuku anayeatamia, na mbele inakataa kugeuka. Wewe uliendesha na kusikiliza, mimi nilifunga. Ulimi wako wa Bungoma haukujua legeza. "Regeza kidogo," ulikuwa ukisema. Nami naregeza. "Umezidisha. Kaza pete moja, rakini ya kulia tu." Jirani zetu walidhani tumepatwa na kitu. Mama alikuwa ameusinga ua wake kwa mavi ya ng'ombe ukawa laini kama meza, na alituapia kwamba atakayeuchimba kwa magurudumu atausinga yeye. Nikausinga mara nyingi.

Nilikuwa nimekwambia kwamba Kitale kuna watu wanaoshindana na magari kama hayo, Jumapili, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kulikuwa na Harbans wa kiwanda cha mbao, kulikuwa na walimu wawili watatu, na watoto wa wakulima wakubwa. Uliuliza swali moja tu: "Barabara yao ni ya murram ama ya majani?" Nikajua tutaenda.

Tatizo ni kwamba mafuta ya zile shoki yalikuwa yamevuja yakaisha, na mafuta yale hayakuwepo hapa, wala Bungoma mjini, wala sijui yangepatikana wapi. Tukafikiri, wewe kwenye veranda, mimi jikoni. Mimi nikapendekeza mafuta ya kupikia. Mama akatoa chupa yake, akanung'unika kwamba sasa hata gari linakula. Nikajaza. Na hapa Myanga, kwenye joto letu la mchana, yalikaa vizuri ajabu. Ulilipitisha gari kwenye kona ya ghala ukasema, "Sasa hii imekuwa gari." Tulijisifu, baba, usikatae.

Tukaondoka siku moja kabla na pikapu ya vitunguu, wewe mbele kwa dereva, mimi nyuma na magunia, adabu ikiwa imezingatiwa. Ulilala kwa rafiki yako wa reli, mimi kwetu. Asubuhi tukakutana uwanjani. Unakumbuka ile baridi? Kitale ya asubuhi haina huruma na mtu aliyetoka Myanga. Umande ulikuwa kwenye nyasi, ukungu umefunika mahindi, na wewe umejifunga koti la reli mpaka kidevuni. Ukaliweka gari kwenye murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, kwa majaribio. Likaruka. Likagonga kijiwe likapaa, likaanguka ubavu. Ukalijaribu tena, likaruka tena, nyuma ngumu kama jiwe, kana kwamba shoki hazipo kabisa. Wale vijana wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mzee, hiyo si gari, hiyo ni chura, bana."

Ukaliweka chini, ukarudi nyuma, nami nikasogea nikaliokota. Nikabonyeza. Halikushuka. Nikafungua shoki moja, na ndani nikakuta mafuta ya mama yameganda. Meupe, magumu, kama yanavyoganda kwenye sahani ya mtu aliyechelewa kula. Mtoto wa Kitale mimi, niliyekulia kwenye baridi hiyo hiyo, nilikuwa nimesahau kabisa jinsi mama yangu alivyokuwa akiweka chupa ya mafuta kando ya jiko kila asubuhi.

Nikakwambia nikitazama chini, "Baba, yameganda."

Nilidhani umekasirika. Kumbe ulikuwa unatazama ile chupa ya chai ya mama, ile ya kuhifadhi moto. "Chai iko?" ukauliza.

"Iko."

"Weka ndani."

Nikakuelewa hapo hapo. Nikazifunga shoki zote mbili kwenye mfuko wa plastiki, nikakaza fundo, nikazizamisha ndani ya chai ya maziwa, nikafunga kifuniko. Tukangoja, wewe huku, mimi kule, chupa katikati. Harbans akaja kuuliza tunapika nini. Ukamjibu bila kutabasamu, "Nyuma ya gari." Alipoitwa mtu wa kwanza mstarini nikazitoa zikiwa na moto wa kuchoma vidole, nikazifunga haraka, nikaliweka gari chini na kuondoka. Ukalichukua.

Jinsi lilivyoingia ile kona ya kwanza, baba. Nimejaribu kumweleza mama mara nyingi na sijaweza. Mbele iligeuka, na nyuma ikafuata, ikatua kwenye murram taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti anachokijua, kisha ikalisukuma gari kwenda. Lilipita juu ya vile vijiwe na mwili wake haukutikisika, magurudumu tu ndiyo yaliyokuwa yanapanda na kushuka. Nami machozi yalinitoka, na sijui hata yalikuwa ya nini. Niliangalia mikono yako. Vidole vilikuwa vinasogea kidogo sana, na macho ulikuwa umeyafumba nusu, unasikiliza.

Bila shaka shoki zilipoa. Mizunguko ya mwisho lilianza kuruka tena, na Harbans akakupita. Ukawa wa pili. Ulimpa mkono, ukapiga hatua kuja nilipokuwa, mkono bado umeunyoosha. Halafu ukakumbuka. Ukaurudisha mfukoni. Mimi pia wangu ulikuwa umeinuka kidogo. Ukasema kwa mbali, "Mke wa Simiyu, ile chai usimwage. Nitakunywa." Na ukainywa, na ladha ya plastiki.

Baada ya hapo tulihamia mafuta ya mbarika, nikiyapunguza uzito kwa mafuta ya cherehani, na baridi haikutupata tena. Tulirudi Kitale mara nyingi. Mara nyingine ulishinda. Lakini sikumbuki ushindi vile ninavyokumbuka ile kona, na ule mkono uliorudi mfukoni.

Wakati huo Simiyu alikuwa ameacha kuandika. Kwanza barua zilichelewa, halafu zikawa fupi, halafu hazikuja. Tukasikia kwa watu kwamba ana nyumba nyingine kule, na mtoto. Mimi sikuwa na mtoto. Basi nilikuwa nani hapa? Mke wa Simiyu, na Simiyu hayupo. Jina lenyewe ulilokuwa ukiniita lilikuwa linaning'inia hewani.

Nduguyo mdogo, mzee Wanyama, akaitisha kikao. Mliketi kwenye ua, mimi jikoni nikisonga ugali ambao haukuwa na haraka yoyote, masikio yangu yote nje. Wanyama alisema kwa upole, simlaumu, kwamba msichana arudi kwao Kitale akiwa bado ana nguvu, aolewe, kwani hapa anamngoja nani? Wengine wakaitikia. Wewe ulikuwa na springi moja ya nyuma mkononi, unaibonyeza kwa kidole gumba na kuiachia. Wakakuuliza, mzee unasemaje?

"Akienda," ukasema, "nani atafunga nyuma ya gari?"

Wakacheka. Wewe hukucheka. Wanyama akasema, "Ndugu yangu, hapa tunaongea maneno ya watu, si ya michezo."

"Hata mimi naongea ya watu," ukasema. "Hamjanijibu."

Hawakukujibu, na kikao kikavunjika kwa chakula. Nilibaki. Lakini nilibaki kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kiti cha mtu mwingine. Nilijua siku wewe hutakuwepo, watanijia tena na lile swali, na hakutakuwa na mtu wa kuuliza habari za gari. Usiku sikulalia ubavu mmoja kwa mawazo hayo. Mchana nilifunga springi.

Kisha ukaugua. Kifua kwanza, halafu miguu. Ukawa mtu wa kitandani, ndani ya kile chumba chako nisichowahi kukiona hata rangi ya pazia lake. Mama alikuhudumia, lakini mama naye alikuwa na soko la Chwele, na shamba, na magoti yake. Siku alizotoka tulibaki boma zima wawili, wewe ndani, mimi nje ya mlango wa chumba, na kikombe cha uji mkononi kinachopoa. Nikiita mtoto wa jirani, yuko shule. Ulikuwa ukisema, "Acha tu, mama yako atakuja." Na nilikusikia ukikohoa kwa koo kavu. Sijawahi kuuchukia mwiko kama nilivyouchukia siku zile, na sijawahi kuthubutu hata kidogo kuuvunja.

Ndipo nikasikia, kutoka ndani, ile sauti ya antena ikivutwa.

Gari lilikuwa chini ya kitanda chako. Likatoka mlangoni polepole, likasimama mbele yangu. Sikuhitaji kuambiwa.

Nilichukua kifuniko cha bati la majani ya chai nikakifunga juu yake kwa waya, kikawa sinia. Nikaweka kikombe. Nyuma ikazama yote, maana uzito ulikuwa umekaa huko, na lilipofika kizingiti cha mlango uji ukamwagika nusu. Ukalirudisha. Nikakaza pete, nyuma ikainuka, lakini sasa ikawa ngumu, ikagonga kizingiti ikarusha kikombe kabisa. Baba, niliifanya kazi ile kuliko nilivyowahi kufanya kazi kwa ajili ya Kitale. Nilizisimamisha zile shoki, zikaweza uzito. Nikatafuta springi mbili ndefu zaidi, nikazipata kwenye makufuli mabovu. Nikaongeza mbarika, nikapunguza ya cherehani, ili nyuma ishuke bila pupa na ipande bila pupa. Nilijaribu kwa kikombe cha maji, tena na tena, juu ya ule ufito wetu wa zamani uani, mimi nikilisukuma kwa mkono. Na wewe kutoka ndani ulikuwa ukisikiliza. "Regeza," sauti ikatoka dirishani. "Ya kushoto." Nikaregeza.

Siku ile uji uliingia. Nilisimama pembeni ya mlango nikaliona gari likikaribia kizingiti, magurudumu ya mbele yakapanda, ya nyuma yakapanda, kikombe kikainama kidogo kama kinasalimia, kikanyooka. Halikumwagika tone. Likakunja kona ya kitanda nisiyoiona, nawe ukiwa umelala chali, rimoti kifuani, ukiliendesha kwa masikio. Nikasikia kikombe kikiinuliwa. Nikasikia ukinywa. Nikakaa chini hapo hapo sakafuni.

Tuliishi hivyo muda mrefu. Uji, dawa, maji, hata kipande kimoja cha kuku kilichodandia safari. Nilidhani hivyo ndivyo tutakavyomaliza, na nilikuwa nimeridhika.

Alasiri ile gari lilitoka na kikombe kikiwa kimejaa vile vile. Nikapasha uji moto, nikalirudisha. Likatoka tena, kikombe kimejaa. Nikaogopa. Nikasema, "Baba?"

"Naliaka," ukasema.

Nilishika ukuta. Miaka yote hiyo, na sikuwa najua kama unalijua jina langu.

"Ingia."

"Baba, siwezi."

"Mkwe ndiye hawezi," ukasema. Pumzi ilikuwa inakukata, ukangoja irudi. "Mtoto anaingia kwa babake."

Nilibaki pale pale. Nikageuka, nikamwona mama amesimama uani, kikapu cha Chwele bado kichwani, na nyuma yake mzee Wanyama aliyekuwa amemsindikiza na mzigo. Wote wawili walikuwa wamesikia. Wanyama alifungua mdomo. Mama akashusha kikapu, akamtazama shemeji yake mpaka mdomo ule ukafungwa, kisha akaniambia, "Si umeambiwa? Ingia, uji unapoa."

Nikachukua kikombe mkononi. Nikavuka kile kizingiti ambacho gari langu lilikijua kuliko mimi. Pazia lako lilikuwa la bluu. Ulikuwa mdogo sana kitandani, baba, nilikuwa nimekuweka akilini kama mtu mkubwa. Ukanyoosha mkono, ule ule wa Kitale, na safari hii haukurudi popote. Nikaushika. Ulikuwa na moto, na kidole gumba kilikuwa na sugu la ile nyundo.

Ulikunywa kidogo. Halafu ukauliza, "Nyuma umeifunga aje?"

Nikakueleza yote, springi za kufuli, tundu la juu, mbarika. Ulisikiliza macho yamefumba, ukitikisa kichwa kila nilipotaja kitu, hadi mwisho.

"Usiiguse tena," ukasema. "Iko sawa."

Sijaigusa. Ulipotuacha nililia karibu na jeneza, pamoja na watoto wako wengine waliokuwa wakiishi mbali, na hakuna aliyenisogeza. Wanyama mwenyewe ndiye aliyewaambia wageni, "Huyu ni binti wa marehemu," na akalisema kwa sauti. Simiyu alikuja, na mke wake, na mtoto. Watu walinitazama waone nitafanya nini. Nikamletea maji ya kunawa, nikamkaribisha kama mtu anavyomkaribisha kaka yake aliyetoka mbali, na nikamchekesha mtoto wake, maana ni wa ndugu yangu, mimi sasa ni shangazi yake. Mama alicheka hadi akashika mbavu, msibani. Nadhani ungecheka nawe.

Sasa nina kibanda hapo sokoni, natengeneza redio na baiskeli, na wakubwa kwa wadogo wananiita kwa jina langu. Jioni narudi nyumbani. Sielewi bado, baba, na naomba nisielewe kamwe, jinsi springi mbili za urefu wa kidole zilivyoweza kubeba mtu mzima na kumvusha mlango. Nikilibonyeza gari hili linashuka, linapanda, linatulia.

Mama ananiita, jua limetua na kigoda ni chake. Pumzika, baba. Nimeondoa majani hapa juu yako kwa mkono wangu, maana sasa naruhusiwa.

Ni mimi, mtoto wako,
Naliaka